Sirili na Moto wa Njano

Sirili Temba alikuwa mtu wa maneno machache, kiasi kwamba majirani zake wa Uru, kule mlimani, walizoea kumsalimia na kumjibia wenyewe. "Hujambo Sirili, sijambo," walisema wakipita, naye akatabasamu, akagusa kofia, mambo yakaisha. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Kwenye mbege, pombe ya ndizi, alikaa pale ambapo kata ya kunywea ingemfikia mwisho. Hata siku ya kuposa aliyezungumza ni shangazi yake. Yeye aliambiwa aitikie kwa kichwa tu. Mkewe, Priska, humtania hadi leo kwamba hana hakika kama aliolewa na Sirili au na shangazi.

Lakini shingoni, chini ya shati, alivaa ufunguo mmoja uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Ulikuwa ufunguo wa maabara ya sekondari. Ukigusa mambo ya ufunguo ule, ulikutana na Sirili mwingine.

Sekondari hiyo waliijenga wazazi wenyewe mwaka wa themanini na sita. Siku zile kila upande wa mlima ulitaka sekondari yake, kwa kuwa zile za serikali zilichukua watoto wa kuhesabika. Sirili aliyajua hayo kwa mwili wake. Alimaliza darasa la saba akiwa wa tatu katika shule nzima, na nafasi za sekondari zilikuwa mbili. Akarudi kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo la migomba na kahawa, akashika jembe, hakulalamika kwa mtu. Miaka ishirini ilipopita na watu wakaanza kusomba mawe mtoni ili kujenga madarasa, alisomba kuliko wote. Jengo la mwisho lilipoezekwa bati wakaambiwa hiyo ni maabara. Sirili hakujua maabara ni kitu gani. Alisimama mlangoni akimwangalia mwalimu mmoja aliyekuwa akifungua masanduku.

Mwalimu huyo alikuwa Kalasinga wa Moshi mjini, Manpreet Singh, mstaafu mwenye ndevu nyeupe na pikipiki kuukuu. Alikuwa akipanda mlima mara tatu kwa wiki kufundisha kemia.

"Unajua kusoma?" aliuliza bila kugeuka.

"Najua."

"Unavunja vyombo?"

"Hapana."

"Unaongea sana?"

Sirili akatikisa kichwa.

"Basi kazi umepata. Shika huo upande wa sanduku."

Ndivyo alivyoanza. Kwa cheo aliandikwa mfagizi, na kufagia alifagia. Lakini Mwalimu Singh alikuwa mtu asiyeweza kuona mtu amesimama bure bila kumfundisha. Siku ya kwanza alitoa mtungi wa kioo uliojaa mafuta ya taa, akavua humo kipande cha kitu cha kijivu, akakikata kwa kisu. Kilikatika kama samli iliyoganda. Ndani kiling'aa kama fedha mpya, na kabla Sirili hajamaliza kushangaa, mng'ao ukafifia.

"Hii ni sodiamu," alisema Mwalimu Singh. "Ni metali. Inaishi kwenye mafuta kwa sababu haivumilii hewa, na maji ndiyo kabisa haivumilii. Rudi nyuma."

Akatupa kipande kidogo kama punje ya mahindi kwenye beseni la maji. Kile kipande hakikuzama. Kilijiviringa kikawa kama shanga, kikakimbia juu ya maji huku kikifoka kama kimetukanwa, kikaisha chenyewe. Maji yaliyobaki yakawa yanateleza vidoleni kama maji ya sabuni.

Ukutani palikuwa na jedwali kubwa la vitu vyote vinavyoijenga dunia, vimepangwa kwa safu. Mwalimu Singh alimweleza safu ya kwanza, akaona haingii, akabadilisha maneno. "Huu ni ukoo, Sirili. Lithiamu, sodiamu, potasiamu na wadogo zao. Kila mmoja ana mbuzi mmoja tu amefungwa nje ya nyumba. Lithiamu mbuzi wake yuko karibu na mlango, anamwona. Sodiamu wake yuko mbali kidogo. Potasiamu wake yuko kule mwisho wa migomba. Sasa mwizi akija, nani ataibiwa upesi?"

"Potasiamu."

"Ndiyo maana potasiamu ukiitupa majini inawaka moto papo hapo. Na safu ya pili, hawa kina magnesiamu na kalsiamu, wana mbuzi wawili wawili, na kamba zao zimekazwa zaidi. Hao wana subira kidogo. Kalsiamu ndiyo iliyomo kwenye chokaa ya ukuta huo, na kwenye mifupa yako."

Tangu siku hiyo jedwali lilisomeka kwa Sirili kama ramani ya vihamba vya jirani zake. Alijua nani mkali na nani mpole, nani alazwe kwenye mafuta na nani anaweza kukaa rafuni. Na alijifunza sheria moja ambayo Mwalimu Singh hakuivunja kamwe: chupa mpya haipandi rafuni kabla haijapimwa kwa moto. Unachovya waya mwembamba kwenye asidi, unagusa unga, unautia kwenye moto wa gesi, unaangalia rangi. Lithiamu hutoa wekundu wa damu. Kalsiamu hutoa wekundu wa tofali. Bariamu hutoa kijani cha jani changa. Sodiamu hutoa njano kali, na potasiamu zambarau hafifu, kama ua la mjakaranda lililolala chini siku mbili.

"Karatasi ya chupa imeandikwa na mtu," alisema Mwalimu Singh mwaka wa tisini na moja, alipokuwa anaaga kwenda kwa wanawe ng'ambo. "Rangi ya moto haikuandikwa na mtu." Akamkabidhi ule waya na ufunguo, akapanda pikipiki yake, akashuka.

Mwaka wa tisini na nne shule ilipata mkuu mpya, Mwalimu Yoramu. Alikuwa na digrii, suti mbili na sauti ya kuhutubia. Tusimwonee: alileta madawati, alimaliza choo cha wasichana. Ila alipenda kuwa mtu aliyemaliza jambo, na jambo likishamalizika hakutaka kulisikia tena.

Zamani dawa za maabara zilitoka bohari ya serikali, zikachelewa lakini zikafika zilivyo. Sasa ilikuwa ruksa. Mtu yeyote mwenye begi na kadi ya biashara aliweza kuuza chochote, kuanzia matairi hadi asidi. Mwalimu Yoramu aliagiza dawa za mtihani wa kidato cha nne kupitia kwa shemeji yake, ambaye naye alizipata kwa dalali wa Dar es Salaam ambaye hakuna aliyemjua. Sanduku lilifika wiki tatu kabla ya mtihani. Mkuu alilibeba mwenyewe hadi maabara, walimu wakiangalia.

"Haya, Sirili. Panga. Wengine walisema hatutapata."

Sirili alipanga. Lakini kwanza alipima, chupa baada ya chupa, na zote zilisema kweli isipokuwa moja. Ilikuwa na karatasi nzuri, herufi za kuchapwa: kloraidi ya potasiamu. Aligusisha waya, akautia motoni. Moto ukawaka njano.

Akaosha waya, akarudia. Njano. Akarudia hadi mara ya tano. Njano ile ile, kali kama kiini cha yai la kienyeji.

Alimwita Mwalimu Kindness, binti wa miaka ishirini na sita aliyekuwa akifundisha kemia. Kindness aliangalia, akauma midomo.

"Inaweza kuwa ni sodiamu, Baba Elizabeth," alisema, kwa kuwa Elizabeth ndiye binti mkubwa wa Sirili. "Lakini inaweza pia kuwa potasiamu iliyochafuka. Unajua sodiamu kidogo tu inafunika. Ni kama bendi ya matarumbeta ikipita karibu na mtoto anayeimba. Mtoto yupo, ila husikii."

"Mwalimu Singh alikuwa na kioo cha buluu. Ukitazama moto kwa kioo kile, njano inakufa, zambarau inabaki."

"Kiko wapi?"

"Kidato cha pili walikivunja mwaka juzi."

"Na ile potasiamu ya zamani, tulinganishe?"

"Ilikwisha mwezi wa saba."

Walitazamana. Watoto thelathini na mmoja wangepewa unga ule kwenye mtihani, wautambue. Wasahihishaji walikuwa wakitegemea jibu moja, potasiamu. Mtoto ambaye angepima vizuri na kuandika alichokiona, angekosa.

Walikwenda kwa mkuu. Kindness alieleza kwa upole mwingi, na jinsi Mwalimu Yoramu alivyozidi kukunja uso ndivyo sauti ya Kindness ilivyopungua, mpaka ikaisha. Mkuu akamgeukia Sirili.

"Nani kasema ni mbovu? Wewe?"

"Moto ni wa njano, Mwalimu."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"La saba." Mkuu alilirudia neno hilo kana kwamba analipima uzito. "Na aliyeandika ile karatasi unadhani kasoma mpaka wapi?"

"Simjui, Mwalimu. Wala wewe humjui."

Kindness alitazama sakafu. Sirili mwenyewe alihisi masikio yanamwaka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia mkubwa.

"Siku ya mtihani utaiweka hiyo chupa mezani," alisema Mwalimu Yoramu polepole.

"Sitaiweka."

"Umesemaje?"

"Sitaiweka, Mwalimu."

Mkuu alicheka kidogo, bila furaha. "Sawa. Kesho saa nne, wakati wa chai, njoo utuonyeshe ushahidi wako mbele ya walimu wote. Ukishindwa, unaacha ufunguo, unarudi kwenye kahawa yako."

Sirili alitembea kwenda nyumbani akiwaza. Kwa ushahidi alihitaji kitu chenye potasiamu ya kweli, na hicho alikijua. Mwalimu Singh alipata kumwambia, akicheka, kwamba watu wa mlima huu wanalala ndani ya potasiamu: iko kwenye migomba, na kwenye maganda ya ndizi iko kwa wingi. Choma ganda, jivu lake ndilo. Basi asubuhi Sirili aliingia jikoni, akachota jivu kwenye mafiga, mahali ambapo Priska alikuwa akichomea maganda pamoja na kuni, akalifunga kwenye karatasi ya daftari, akaondoka.

Saa nne walimu saba walijaa maabara na vikombe vyao vya chai. Sirili aliwasha gesi.

"Hili ni jivu la maganda ya ndizi," alisema, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia. "Lina potasiamu. Mtaona rangi yake, kisha tutaona rangi ya chupa."

Akautia waya motoni. Moto ukalipuka njano. Njano ile ile ya chupa, kama mapacha.

Mwalimu Yoramu akaangua kicheko hadi chai ikamwagika. "Jamani! Basi hata ndizi za mke wake ni feki! Sirili, nenda kamwambie mama nyumbani, dalali wa Dar amemuuzia migomba!"

Walimu walicheka, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuogopa kutocheka. Sirili alirudia mara ya pili. Njano. Alizima gesi.

"Kesho saa sita mchana mwenyekiti wa kamati ya shule anakuja," alisema mkuu akijifuta machozi. "Nataka ufunguo uwe juu ya meza yangu kabla hajafika."

Priska alimkuta amekaa chini ya migomba akichora chora ardhi kwa kijiti. Ilimchukua muda kumtoa maneno. Alipomaliza kusikia, alisimama, mikono kiunoni.

"Jivu umechota wapi?"

"Jikoni. Kwenye mafiga."

"Kwenye mafiga yangu? Baba Elizabeth! Wewe mtu mwenye ufunguo, mpima moto! Kande tunapika na nini humu ndani?"

Sirili alimtazama. Kisha akaweka kiganja kwenye paji la uso.

Magadi. Kila nyumba mlimani ilitia magadi kwenye kande ili maharage yalainike, na hakuna chungu cha kande kisichofurika. Miaka kumi na tisa chungu cha Priska kilikuwa kikichemka na kumwagikia mafiga yale. Na magadi ni nini kama si sodiamu mwenyewe, amevaa nguo nyingine? Sirili alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Alilijua rafuni, kwenye chupa. Hakulitambua nyumbani kwake, kwenye sufuria.

"Mama yako hakukufundisha?" Priska aliendelea, sasa amekwishaanza kucheka. "Wakati ule sabuni ilipoadimika, tulipokuwa tunafulia jivu la maganda, mama yako alikuwa anatugombeza tukichomea jikoni. Alisema jivu la jikoni haliaminiki. Tulichomea kule nyuma, peke yake, kwenye bati."

"Una maganda makavu?"

"Yapo juu ya banda la mbuzi. Nilisahau kuwapa."

"Uyachome kesho asubuhi. Kwenye bati jipya. Unawe mikono kwanza, kwa maji ya mvua. Usishike chumvi."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Mjini. Natafuta kioo cha buluu."

"Na ufunguo? Si wamesema saa sita?"

Sirili aliugusa kifuani. "Ninao," alisema tu.

Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kuteremka. Mjini alianza na fundi wa vioo vya madirisha. Hakuwa na buluu. Fundi wa miwani alikuwa na nyeusi na kahawia. Saa nne kasoro alisimama mbele ya duka la dawa karibu na soko, ambako mama mmoja Mhindi, Bhumi, alikuwa ameuza dawa tangu Sirili akiwa kijana. Juu ya kaunta, kwenye mwanga wa dirisha, palikuwa na chupa ya kioo, buluu iliyoiva. Ndani yake mmea wa kutambaa ulikuwa umeshusha mizizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Naomba hiyo chupa."

"Dawa ya tumbo? Maziwa ya magnesia siku hizi iko ya plastiki." Akamwekea chupa nyeupe.

"Hapana, mama. Hiyo ya zamani. Ya kioo."

"Hiyo iko na ua langu! Miaka sita. Unataka ya nini?"

Sirili alivuta pumzi. Kisha, mbele ya wateja wanne, akaeleza yote: sanduku, dalali, moto, watoto thelathini na mmoja, mafiga ya Priska, saa sita. Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo.

Mama Bhumi alimkazia macho. "Nani alikufundisha kutazama moto kwa buluu?"

"Mwalimu Singh."

"Manpreet!" Akapiga kaunta kwa kofi. "Yule mzee mbishi! Kila Jumamosi alikuja hapa kubishana na mimi habari ya vipimo." Alikuwa amekwisha kuuchomoa mmea na kuutumbukiza kwenye kopo la jemu. Akaisuuza chupa, akaikausha kwa khanga yake. "Chukua. Ukishinda, njoo unisimulie. Ukishindwa, rudisha hivyo hivyo. Ua langu halina kosa."

Kupanda hakufanani na kushuka. Saa sita ilimkuta njiani, jua utosini, chupa ameikumbatia ndani ya koti kama kifaranga. Alipofika shuleni ilikuwa saa saba inakaribia. Mbele ya maabara walisimama Mwalimu Yoramu, walimu kadhaa, na Mzee Efraimu, mwenyekiti wa kamati, ambaye ndiye aliyetoa sehemu ya kihamba chake ili shule ijengwe. Fundi alikuwa chini, msumeno umeshaanza kula kufuli.

"Huyo hapo!" alifoka mkuu. "Mtoro na ufunguo wa shule! Mzee, unajionea mwenyewe."

"Shikamoo, Mzee," alisema Sirili, akitweta.

"Marahaba. Sirili, mwanangu, umeambiwa uache ufunguo. Umeuacha?"

"Sijauacha."

"Kwa nini?"

"Sijamaliza kazi."

Mkuu alinyoosha mkono. "Leta."

Sirili alimpita. Hakumsukuma; alimpita tu, kama mtu anavyopita kando ya mgomba. Akamwambia fundi, "Simama, kaka, usiharibu kufuli la wazazi," akalifungua kwa ufunguo. Priska alikuwa amejibanza ukutani tangu saa tano, bakuli limefunikwa kwa jani. Akaingia nyuma yake bila kukaribishwa.

"Mke wake anaingia kufanya nini humu?" aliuliza mkuu.

"Nimeleta ndizi zangu feki," alijibu Priska. "Nimesikia zimesifiwa."

Mzee Efraimu alikohoa, pengine alikuwa akicheka. Akaingia naye, na wengine wakafuata.

Sirili aliwasha gesi. Alichovya waya kwenye jivu jeupe, laini, akautia motoni. Njano ikatokea, hafifu, na pembeni yake kitu kingine kikacheza na kupotea.

"Njano!" alisema mkuu. "Yale yale!"

"Mzee, shika chupa hii. Tazama moto kupitia hapa."

Mzee Efraimu alifumba jicho moja, akaweka chupa kwenye jingine. Alikaa hivyo kwa muda. "Ehe," alisema. "Ehe! Njano imekwenda wapi? Naona kama zambarau yenye wekundu. Kama juisi ya zabibu wanayotupa kanisani."

"Hiyo ndiyo potasiamu. Sasa hii." Akaosha waya, akagusa unga wa chupa yenye karatasi nzuri. Moto ukawaka njano kali. "Tazama tena."

Mzee alitazama. Akaitoa chupa jichoni, akaifuta kwa shati, akatazama tena.

"Hapa sioni kitu."

"Hakuna kitu cha kuona. Hakuna potasiamu humo. Ni chumvi ya kupikia, Mzee. Ile uliyokula jana."

Chupa ya buluu ikapita mkono kwa mkono. Walimu walitazama jivu, wakatazama unga, wakapisha wenzao. Ilipomfikia Mwalimu Yoramu hakuipokea.

"Hii si sayansi," alisema. "Jivu la jikoni na chupa ya dawa ya tumbo! Shule yenye maabara inafanya mambo ya uganga!"

Ndipo Mwalimu Kindness aliposogea mbele. Uso ulikuwa umemwiva. "Ndiyo sayansi yenyewe, Mwalimu. Imo kwenye kitabu, ukurasa ninaoufundisha. Ningepaswa kusema juzi. Nilikuogopa." Akamgeukia Sirili. "Nisamehe, Baba Elizabeth."

Mzee Efraimu alikuwa bado anaigeuzageuza chupa yenye karatasi nzuri. "Mwalimu Mkuu," alisema, "hiki kidude kilikuwa kiwekwe mbele ya watoto?"

Mkuu alifunga kifungo cha koti lake.

"Basi kesho asubuhi uazime potasiamu kwa shule jirani. Wewe mwenyewe, si mfagizi. Na ufunguo ubaki pale ulipo."

Mtu mwingine angedhani mambo yameishia hapo. Lakini Mwalimu Yoramu hakuwa mtu wa kuacha jambo lake limelala chini. Jumatatu Sirili aliitwa ofisini, akakuta barua ya onyo imepigwa chapa, nakala tatu. Ilisema kwamba mtumishi Sirili Temba, mfagizi, aliondoka kazini bila ruhusa, alikaa na mali ya shule kinyume cha amri, na alimjibu mkuu wake kwa utovu wa adabu. Chini paliachwa mstari wa saini yake.

"Tia sahihi," alisema mkuu bila kuinua kichwa. "Iingie kwenye faili."

Sirili alivuta kiti, akakaa bila kuambiwa, akaisoma barua yote taratibu, neno kwa neno, kama anavyosoma karatasi ya chupa mpya. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliondoka bila ruhusa. Alikaa na ufunguo. Alijibu.

Akachukua kalamu, akatia sahihi nakala ya kwanza. Kisha, chini ya jina lake, kwa mwandiko wa darasa la saba, uliosimama wima, akaandika: *Nimesoma. Moto ulikuwa wa njano.*

"Unaandika nini hapo?" mkuu aliinuka.

Sirili alikwishavuta nakala ya pili, akaandika hivyo hivyo. Akavuta ya tatu, akaandika. Akaziweka zote tatu sawasawa juu ya meza, akafunika kalamu, akaugusa ufunguo chini ya shati kuhakikisha upo, akaenda kufagia maabara. Jioni hiyo alikuwa na safari ya mjini: palikuwa na chupa ya kurudisha, na mama mmoja aliyekuwa akisubiri kusimuliwa.